Kitambaa Nilichokishonea Winchi

Siku tuliyomzika mume wangu Rajabu, Mwende alikuja akakaa na sisi wanawake katika ukumbi wa chini ya msikiti, amejitanda mtandio wa kuazima uliokuwa ukimteleza kila mara mpaka mabegani. Si Muislamu, wala si ndugu yetu, na miaka mingi ilikuwa imepita tangu ahamie mji mwingine, kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyemtarajia. Alilia. Hakupiga kelele, alilia kama mtu anayejifuta jasho, kwa kiganja, huku akiitikia salamu za watu. Na mimi, mjane mwenyewe, niliyeketi mkekani nikipewa pole na kila anayeingia, nilijikuta nimeacha kusikiliza kisomo na ninamwangalia yeye, ninahesabu mara ngapi ameinua kile kiganja. Nilipofika mara ya saba nikaona aibu, nikainamisha uso, na akina mama waliokuwa karibu nami wakadhani uchungu umenizidi, wakanishika mabega. Ningewaambia nini? Kwamba hata maiti ya mume wangu haijakaa saa tatu kaburini, nami bado ninamwonea wivu kwa mwanamke yule yule?

Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule wa theluji nyingi, msimu wa baridi ulioanza mwishoni mwa elfu mbili na saba ukaingia elfu mbili na nane. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Tulikuwa tumepanga sehemu ya chini ya nyumba moja huko Malvern, pembezoni mwa mji wa ugenini tuliohamia, ile sehemu iliyochimbwa ardhini, yenye mlango wake pembeni. Jikoni kulikuwa na dirisha moja tu, fupi na pana, juu ya sinki, na kwa kuwa sisi tulikuwa chini, dirisha lile lilitazama usawa wa ardhi, pale Rajabu alipoegesha pikapu yake. Nikisimama kuosha vyombo macho yangu yalikuwa sawa na magurudumu. Watu niliwajua kwa miguu. Mwenye nyumba alivaa kandambili na soksi hata juu ya barafu. Rajabu alikuwa na buti nyeusi zenye duara jeupe la chumvi, ile inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Na tangu mwezi wa Novemba, kila Jumapili asubuhi, zilikuja buti nyingine za kahawia, ndogo, zenye kamba za manjano, zikasimama kando ya zile nyeusi. Hizo zilikuwa buti za Mwende.

Mwende alikuwa fundi umeme wa magari katika gereji moja huko Agincourt, Mkenya wa Machakos, mwembamba, mwenye sauti nzito kuliko mwili wake. Rajabu alimjua siku pikapu ilipogoma kuwaka akaivuta mpaka gerejini kwao. Siku za kazi Rajabu alikuwa akipeleka samani majumbani, lakini theluji ikianguka alitoka kwenda kuwanasua watu waliokwama, na kwa ajili hiyo alikuwa amenunua winchi kuukuu, lile dude linalofungwa mbele ya gari, lenye ngoma ya kamba ya chuma inayozungushwa na mota ya umeme. Kulifunga kwenye bampa aliweza. Kuliunganisha na betri hakuweza, na Mwende akasema atakuja kumsaidia siku yake ya mapumziko. Nilidhani ni Jumapili moja. Zilikuwa Jumapili sita.

Sikuwa nimekusudia kusikiliza. Lakini kioo kilikuwa chembamba, nao walikuwa wakizungumza hatua mbili kutoka masikioni mwangu. "Hii waya usiichukulie hivi hivi," nilimsikia Mwende siku ya kwanza. "Ile ya taa ikipiga shoti, fyuzi inakatika, unabaki giza, basi. Hii inatoka kwa betri moja kwa moja, na ni nene kama kidole. Ikigusa chuma hakuna kitu ya kuizuia. Betri itamwaga nguvu yote hapo hapo mpaka waya iwe nyekundu."

"Kwa hiyo adui ni nani?" Rajabu akauliza.

"Adui ni gari yenyewe. Kila mahali waya inapita karibu na chuma, hapo ndipo itakuua."

Rajabu akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyefurahia kuambiwa jambo jipya. Wakaendelea saa tatu nzima. Mwende alitaka kila tundu ambalo waya unapita litiwe raba ili ukingo wa chuma usiukate. Alitaka waya wote uvikwe bomba jeusi la plastiki lenye mikunjo, kutoka kwenye betri mpaka kwenye winchi, na vichwa vya betri vifunikwe. Fyuzi kubwa ya kujikata yenyewe alikuwa ameiagiza lakini ilikuwa haijafika. Na juu ya swichi ya kukatia umeme waligombana kabisa. Rajabu alitaka iwe ndani ya boneti, isionekane. Mwende alitaka iwe nje, kando ya taa ya mbele upande wa dereva, yenye kishikio chekundu.

"Watu wataichezea," Rajabu akasema.

"Wacha waichezee. Siku gari inawaka moto, boneti utafungua na mikono gani? Unaizungusha kushoto, robo tu, umeme umekwisha. Hata mtoto anaweza."

Mimi nilikuwa nikikuna nazi, na nilipotazama mbuzi nikaona nimekuna mpaka kwenye kifuu.

Walipomaliza walikuja kula, kwa maana sikuwa na njia ya kutomkaribisha. Nilipika kuku wa kupaka na wali wa nazi, nikapika vizuri kuliko kawaida, na sasa najua nilikuwa nikimpikia yeye, ili aone. Alikula kwa furaha ya mtu anayeishi peke yake. "Wifi, hii chakula utaniua nayo," akaniambia. Neno hilo wifi lilinichoma. Alikuwa amefundishwa na Rajabu. Yeye Mwende akimwita Rajabu kaka, basi mimi ni wifi, mambo yamenyooka. Watu wazima tunajua maneno kama hayo yanavyoweza kusitiri. Usiku Rajabu alipovua koti nililinusa. Ningekuta manukato ningejua la kufanya, ningepiga kelele, ningefunga mizigo. Lilinukia mpira na grisi.

"Leo mmefanya nini?" nikamwuliza.

"Umeme tu, Zaina. Ungechoka kusikiliza."

Nimeishi na mume huyo miaka mingi baada ya hapo, na alinitendea mema yasiyohesabika, lakini sentensi hiyo sikuisahau. Mwende aliambiwa saa tatu za maneno, mimi nikaambiwa ningechoka. Leo, nikiwa mtu mzima, naona kwamba wivu wangu haukuwa hasa wa kitandani. Niliona wivu kwamba kulikuwa na chumba ndani ya mume wangu ambamo mimi sikuwahi kukaribishwa, na mwanamke mwingine alikuwa anaingia humo na buti zake, akitoka anakula wali wangu. Wakati ule sikujua kuyasema hivyo. Nilijua tu kwamba Jumapili ikikaribia ninakosa raha, na kwamba Mwende asipokuja ninakosa raha vilevile, kwa sababu Rajabu alikuwa akishinda anachungulia barabarani.

Kazi yangu ilikuwa kushona mapazia katika karakana moja, mapazia ya mahoteli, ya kitambaa kizito chenye mgongo wa mpira ambacho walisema hakishiki moto upesi. Wazo lilinijia nikiwa kwenye cherehani. Kama waya unataka kuvikwa, nani anayejua kuvika kuliko mimi? Asubuhi moja Rajabu akiwa bafuni nilitoka nje na futi yangu, kanga juu ya koti, nikapima ule waya kutoka swichi mpaka winchi. Nikaomba mabaki ya kitambaa kwa msimamizi. Nikashona mfuko mrefu mwembamba wenye vifungo vya kubana, mshono maradufu, kwa uzi mwekundu ili upendeze na kile kishikio. Sijawahi kushona kitu kwa uangalifu kama ule, hata shela ya harusi ya dada yangu.

Nilikitoa Jumapili, mezani, Mwende akiwepo. Nilitaka awepo. Rajabu akakishika akasema, "Umeshona wewe? Kwa ajili ya winchi?" na macho yake yakafunguka kwa namna niliyoitamani. Kisha akafanya kosa ambalo mwanamume yeyote angelifanya. Akampa Mwende. "Unaonaje, fundi?"

Mwende akakigeuza, akapitisha kidole kwenye mshono. "Kazi safi sana," akasema. "Lakini wifi, nitakuambia ukweli. Kitambaa inakunywa maji, na maji ya hii barabara iko na chumvi. Ikilowa itakaa imelowa. Ikisuguliwa na bampa itakatika. Hiyo bomba ya plastiki ni mbaya kwa macho, lakini hainywi." Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliozidi kuniumiza. Angenicheka ningemchukia kwa haki. Nikatabasamu, nikamwongeza mchuzi.

Alipoondoka nililia. Nilisimama kwenye sinki nikamwambia Rajabu, bila kugeuka, "Yaani katika gari hilo lote hakuna mahali pa kitu changu? Cha Mwende kila mahali, changu hakuna?" Rajabu alikichukua kile kitambaa mezani. Akakikunja, akakitia mfukoni mwa koti lake. Kesho yake, niliporudi kazini, nililiona bomba la Mwende limekunjwa ndani ya pipa la taka, na kwenye pikapu, kutoka kwenye swichi mpaka kwenye winchi, kitambaa changu kimekaa vizuri na mshono wake mwekundu. Nilifurahi kama mtu aliyeletewa zawadi kutoka nyumbani. Wala Mwende hakuja kuona. Januari hiyo betri za watu zilikuwa zikifa kwa baridi, na gereji yao ilifanya kazi hata Jumapili.

Ilikuwa Jumamosi ya Februari, kama saa nane mchana. Tulikuwa tumetoka kununua unga na nazi Agincourt, Rajabu na mimi, na simu ikalia: mzee mmoja na mkewe wameteleza mtaroni, kaskazini ya Malvern, kule nyumba zinakoisha na mashamba yanapoanza. Tulikwenda moja kwa moja. Gari lao lilikuwa limelala ubavu nusu, na wale wazee wamesimama pembeni wameshikana mikono kama watoto. Rajabu akageuza pikapu, akazungusha kishikio chekundu kuwasha, akaivuta kamba ya chuma mpaka kwao, akafunga ndoano. Nikashuka ili nione. Winchi ikaanza kunguruma, kamba ikakaza, bampa likajikunja kidogo kwa uzito, gari la wazee likasogea.

Kwanza nilisikia harufu. Ilikuwa harufu ninayoijua kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale, ya kitambaa kilichoachwa chini ya pasi. Kisha mlio, kama maji yaliyodondokea mafuta yanayochemka, na mwanga wa buluu ukaruka chini ya bampa. Moshi ukatoka. Winchi ikanyamaza lakini ule mlio haukunyamaza. Rajabu akakimbia, na badala ya kwenda kwenye swichi akapiga magoti akaushika ule waya kwa mkono wa kulia auvute utoke kwenye chuma. Glavu yake ilikuwa imelowa. Alipiga ukelele ambao sijausikia tena mpaka leo. Mimi nilikuwa sijawahi kukigusa kile kishikio chekundu, lakini nilikijua: nilijua kiko wapi, kinazungushwa upande gani na kwa kiasi gani, kwa sababu ugomvi wake wote niliusikia nikikuna nazi. Nikakizungusha kushoto, robo. Mlio ukakatika. Moto mdogo ulibaki kwenye kitambaa, nikauzika kwa theluji kwa mikono miwili, na chini ya theluji ile niliuona mshono wangu, mwekundu, umekatika sawasawa pale ukingo wa bampa ulipokuwa ukiusugua.

Hospitali walimfunga mkono mpaka kwenye kiwiko. Kesho yake, Jumapili, zile buti za kahawia zikaja dirishani. Zilisimama mbele ya pikapu. Kisha yakaja magoti, kisha uso wake wenyewe ukainama chini ya bampa, na kwa mara ya kwanza nikamwona Mwende kupitia dirisha lile, uso wake umegeukia waya, haunioni. Alikaa hivyo muda. Rajabu akatoka nje.

"Nani alitoa bomba yangu?"

"Mimi," Rajabu akasema.

"Kwa nini?"

"Lilikuwa linanisumbua. Nikaona kitambaa kinatosha."

"Kinatosha?" Sauti yake ilishuka. "Rajabu, si nilikuambia? Si nilikaa hapa kwa baridi Jumapili sita nikikuambia? Ungekufa. Wifi angekufa. Na hao wazee ambao hawajui chochote."

"Nimekosa, Mwende."

"Umekosa. Sawa. Usinipigie simu tena."

Nilikuwa na mikono ndani ya maji ya sinki. Nilikuwa na haja ya kugonga kioo tu, mara moja, aniangalie, nami niseme. Sikugonga. Buti za kahawia zikageuka zikaondoka, zikaacha nyayo kwenye theluji, na nitakuwa mwongo nikisema kwamba sikuona raha. Niliona raha mpaka jioni.

Wiki zilizofuata nilipata kila nilichokitaka. Mume wangu alikuwa nyumbani mchana kutwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa, na kula kwa kushoto hakuweza kujizoesha, kwa hiyo nilimlisha mimi, tonge kwa tonge, tumekaa goti kwa goti. Alikula, akashukuru. Hakuninung'unikia wala hakunitajia kitambaa, hata siku moja, na kila siku ambayo hakukitaja kilizidi kuwa kizito. Jumapili aliketi jikoni akitazama dirisha ambalo halikuwa na mtu. Nikamwuliza anafikiri nini, akasema, "Hakuna, Zaina." Nikaelewa kwamba kile chumba ndani yake hakikuwa kimenifungukia mimi kwa sababu mwingine ametoka. Kilikuwa kimefungwa tu.

Mwezi wa tatu nilipanda basi mpaka Agincourt bila kumwambia. Sikuwa nimewahi kumwona Mwende kazini. Alikuwa amelala chali chini ya usukani wa gari dogo, miguu nje ya mlango, akiwaelekeza wanaume wawili wampe vitu na wanampa. Alinitambua, akatoka, akasimama akijifuta mikono kwa kitambaa, hakunipa mkono.

"Mimi ndiye," nikasema. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno mazuri ndani ya basi, yote yakapotea. "Bomba aliliondoa kwa ajili yangu. Nililia. Ndiyo maana akaliondoa."

"Najua."

"Alikuambia?"

"Wifi, nilipiga magoti pale nikaona uzi nyekundu. Nani mwingine ameshona hiyo?" Akakunja kile kitambaa cha kufutia mikono mara mbili. "Nilijua kabla hajafungua mdomo."

"Sasa mbona ulimkasirikia yeye?"

Mmoja wa wale wanaume akaita kitu, naye akamwonyesha kwa kiganja asubiri. "Kwa sababu alinidanganya akiniangalia machoni," akasema. "Na nilijua anadanganya ndiyo wewe usiaibike. Nikarudi kwa gari yangu nikalia kama mjinga. Si juu ya winchi. Mimi niko hii nchi miaka kumi, na hakuna mtu amewahi kunidanganyia hivyo. Nilikuonea wivu, wifi. Ni hiyo tu."

Nilisimama katikati ya gereji ile na mkoba wangu mkononi, kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba anayoishi ina ghorofa nyingine. Miezi yote ile nimemtazama yeye kupitia kioo, kumbe yeye naye alikuwa ananitazama, akila wali wangu, akiona kitu ambacho mimi sikukiona. Nikamwuliza swali ambalo nilikuwa nimekuja nalo chini ya yale mengine yote. "Unampenda?"

"Sijui," Mwende akasema. "Nilipenda kuja Jumapili. Zaidi ya hapo sikupima."

Lilikuwa jibu la kweli, na halikunituliza hata kidogo, na nililiheshimu kwa sababu hiyo. "Basi njoo Jumapili," nikamwambia. "Lakini safari hii ule waya naufunga mimi."

Nilimweleza Rajabu jioni ile nikiwa nimeshika tonge. Alilitazama tonge, kisha mimi. "Hukulazimika kwenda," akasema. Nikamwambia najua. Akatafuna, akameza, na mara akaanza kunieleza kilichotokea siku ile, jinsi bampa linavyojikunja winchi ikivuta, ndiyo maana ukingo wake ulifika kwenye waya, na kwamba alikuwa akikiwaza kitu hicho mwezi mzima bila mtu wa kumwambia. Alieleza mpaka wali ukapoa. Sikuelewa nusu yake, nami sikuchoka.

Barafu ilipoyeyuka Mwende alikuja na ile fyuzi kubwa, imefika hatimaye, na bomba jipya chini ya kwapa. Mkono wa Rajabu ulikuwa bado mgumu, vidole havifungi, kwa hiyo mimi ndiye niliyelala juu ya boksi lililokunjuliwa, chini ya bampa, na spana. Mwende alikaa juu ya ndoo akitoa amri. Niliingiza raba kwenye kila tundu, nikauvika waya bomba, nikaufunga usicheze, nikaujaribu kwa kidole kila ulipopita karibu na chuma. Aliniambia nitoe, nirudie, nikarudia mara tatu. Nilipokuwa nakaza nati ya mwisho nikawasikia wameanza mazungumzo wao wawili, huko juu, kuhusu gari fulani lililofika gerejini na jambo ambalo mwenye gari alilisema, na Rajabu akacheka, na wivu ukanirudia kama zamani, bila kupungua hata kidogo.

Nikaacha kukaza. "Mnacheka nini?" nikauliza kwa sauti.

Rajabu akapiga magoti upande mmoja, Mwende akashuka kwenye ndoo akapiga magoti upande wa pili, wakaingiza vichwa vyao chini ya bampa, na wakaanza kunisimulia tangu mwanzo, wakikatizana.